Mchumi Aliyenunua Kimoja Kimoja

Mwaka jana nilipeleka mabegi ya mkutano katika hoteli moja ya Dar es Salaam. Nikiwa nimesimama mapokezi nasubiri mtu wa kunisainia kwamba mzigo umefika, nikasikia nyuma yangu mwanamke anamuuliza mhudumu maji ya chupa yanauzwaje. Na akichukua katoni nzima je. Na akichukua katoni hamsini, itakuwaje? Mhudumu akacheka akidhani ni utani. Mimi sikucheka, wala sikuhitaji kugeuka. Nilisema tu kwa Kiingereza, uso wangu ukiwa bado umeielekea meza, "Madam, ukimuuliza hivyo hatakuuzia hata moja." Mara fimbo ikagonga sakafu haraka haraka, na mikono miwili mikavu ikanishika mabega. "Zaina," akasema Madam Comfort. "Umenenepa. Mungu mkubwa."

Tulikula pamoja mchana ule, wali na kuku wa kupaka, yeye akiongeza pilipili mpaka mpishi akachungulia kutoka jikoni. Alikuwa amekuja kuzungumza mbele ya wachumi wa serikali kutoka nchi mbalimbali. Nchi yake iko Afrika Magharibi. Ameniomba nisiitaje, kwa kuwa baadhi ya watu aliowaudhi, kama alivyosema mwenyewe, bado wana nguvu ya kunyanyua simu. Alistaafu akiwa naibu katibu mkuu wa wizara ya fedha. Mara mbili serikali ilipobadilika aliwekwa kando, akapewa chumba kisicho na simu na kazi isiyo na jina. Mara mbili akaitwa tena, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua mambo ya ushuru yalivyofungwa na yanavyofunguliwa. Mengine nimeyasikia kwake, mengine nimeyasoma magazetini. Mimi nilimjua kabla ya hayo, mwaka wa tisini na nane, katika jiji la Guangzhou, alipokuwa mchumi wa miaka thelathini na minane ambaye wakubwa wake walitaka ashindwe. Na katika mwaka huo nilimtendea jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimekwenda kununua vifaa vya shule kwa ajili ya duka la Kariakoo, mzigo ukachelewa, nikabaki kuusubiri, na katika kusubiri nikaokota Kichina cha sokoni: bei, rangi, dazeni, ghali mno, sitaki. Kikatosha kunipa kazi. Nilikuwa nikilala ghorofa ya sita ya hoteli moja ya bei nafuu pale mtaa wa Xiaobei, chumba kimoja na Bi. Salma, mfanyabiashara wa Unguja aliyenizidi miaka ishirini, ambaye alikuja kununua vitambaa vya mapazia na hakuwa na haraka ya kuondoka. Vitanda viwili, kiti kimoja, dirisha linalotazama daraja la magari, na chupa nyekundu ya maji ya moto iliyoletwa kila asubuhi na mfagizi asiyebisha hodi. Wageni kutoka Afrika walipofika bila lugha, watu wa mapokezi walinipigia simu chumbani, nami nikawatembeza madukani kwa ujira wa siku. Wengi waliletwa na Alhaji Musa, wakala wa mizigo mwenye ofisi ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akipeleka makontena Afrika Magharibi kupitia bandari ya Huangpu. Kwa lugha nyepesi, nilikuwa nakula kwa mkono wa Alhaji.

Madam Comfort alifika mwezi wa tatu, wakati ule ambao Guangzhou hutoka jasho. Si watu tu, majengo yenyewe: maji yanachuruzika kutani, sakafu inateleza, viatu vinaota ukungu ndani ya kabati. Alikuwa amekaa juu ya sanduku lake pale mapokezi, miwani imejaa mvuke. Akaniambia ni mama wa duka, anataka kujionea bidhaa kabla ya kununua. Nikamwamini mpaka saa nne ya kesho yake. Tulikwenda mtaa wa Yide Lu, kule wanakouza kwa jumla midoli, kalamu na madaftari upande mmoja, na pweza mkavu na kamba upande mwingine, harufu zote zikikutana katikati ya njia. Nikampeleka kwa Bibi Chen, mama mfupi aliyeniuzia mimi tangu nilipofika. Madam akashika mkebe wa hesabu, ule wa bati wenye bikari na rula ndani yake. Akauliza bei ya mikebe mia. Akauliza ya elfu. Akauliza ya elfu kumi. Bibi Chen akachangamka, akatoa kiti, akamimina chai. Kisha Madam akafungua pochi na kununua mkebe mmoja.

Siku ile tulinunua kufuli moja, begi moja la shule, chupa moja ya chai, mdoli mmoja wa kike asiye na viatu. Hakupunguziwa bei hata mara moja, kwa sababu hakuomba. Nilipombania muuzaji mmoja kwa ajili yake, akanishika mkono: "Mwache. Nataka kujua ataishia wapi mwenyewe." Jioni nikamsimulia Bi. Salma. Alikuwa amelala chali, uso ameupaka maji ya mchele. "Huyo si mfanyabiashara," akasema bila kufumbua macho. "Mfanyabiashara halipi bei ya kwanza hata akiwa anaumwa. Weye muangalie vizuri mteja wako." Lakini Madam alilipa ujira wangu kila jioni bila kukumbushwa, na chumbani kwake, ghorofa ya nne, alinipikia. Alikuwa na jiko dogo la umeme alilolificha ndani ya kabati, kinyume cha amri ya hoteli, na juu yake alipika wali wa nyanya na dagaa wa kopo, pilipili ikipaa mpaka tukapiga chafya sote wawili. Vitu alivyonunua vilijaa kote: juu ya televisheni, chini ya kitanda, ndani ya beseni la kuogea. Nilikula nikiwa nimezungukwa na pasi, sega, taa ya meza na redio, kimoja kimoja.

Mwezi wa tano alianguka. Tulikuwa Yide Lu, joto limeshika, akasema anasikia baridi, na nilipogeuka alikuwa ameketi chini akiegemea gunia la ngisi. Hospitalini daktari alidhani ni mafua makali. Mimi niliyekulia pwani nilimgusa shingo nikajua, nikawa narudia neno malaria mpaka wakachukua damu. Wakataka pasipoti ya kumwandikisha. Nikaitoa kwenye mkoba wake, na haikuwa kama pasipoti za wafanyabiashara nilizozoea kuzibeba. Ilikuwa ya watumishi wa serikali, na ndani yake, chini ya picha yake akiwa hana miwani, imeandikwa: Mchumi Mwandamizi, Wizara ya Fedha. Nilikaa kando ya kitanda nikitazama dripu inadondoka. Kwenye mgahawa wa tambi tuliokuwa tukila, ule wa Waislamu wa Kichina wanaochinja kihalali, nilikuwa nimesikia wafanyabiashara wa kwao, nchi moja na Alhaji, wakinong'ona kwa wiki kadhaa kwamba wizara imemtuma mpelelezi. Walikuwa wanamtafuta mwanamume.

Alipofumbua macho aliiona pasipoti mapajani mwangu. "Umeona," akasema. Nikasema nimeona. "Na Alhaji?" Nikasema bado. Akanieleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Katika bandari ya kwao, maofisa wa forodha walikuwa na kitabu cha bei. Mzigo ukifika, hawakutazama risiti ya mwenye mali, maana kila mtu hudanganya kwenye risiti. Walifungua kitabu, wakasoma bei, na hiyo ndiyo iliyotozwa ushuru. Kitabu kiliandikwa na wanaume watano ofisini ambao hawajapata kununua hata kufuli ya mlango wao. Vitu vya maskini viliandikwa ghali mara nyingi kuliko vinavyouzwa kiwandani. Vitu vya wakubwa, redio kubwa, vipoza hewa, viliandikwa rahisi. Yeye, mwanamke peke yake katika idara ile, aliandika barua kusema kitabu hakifai. Mkuu wake akamjibu mbele ya wenzake: "Kama bei zetu hazifai, nenda kalete zako." Wakacheka. Wakampa tiketi ya ndege na likizo isiyo na mshahara. "Nikirudi mikono mitupu," akasema, "kuna ofisi ya takwimu kule kaskazini ambako lami inaishia njiani. Dawati langu wameshalipeleka."

Nilimhurumia kweli. Na siku tisa baadaye nilimsaliti.

Alhaji aliniita ofisini kwake. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, akinywa chai yenye sukari nyingi mpaka kijiko kinasimama. Akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza habari za Bi. Salma. Akasema wiki ijayo anapokea wanawake kumi na mmoja kutoka kwao, watakaa mwezi mzima, watahitaji mtu wa kuwatembeza. Viza yangu ilikuwa karibu kwisha na mwezi mmoja wa kazi ungeniokoa. "Lakini kwanza, binti," akasema, "huyu Madam wako. Wauzaji wananilalamikia. Anauliza, hanunui. Ni nani?" Ningeweza kusema sijui. Hadi leo nasikia jinsi feni ya ofisi ile ilivyokuwa ikikwaruza. Nikasema, "Anafanya kazi wizara ya fedha." Alhaji hakufoka. Alinimiminia chai nyingine. Na wale wanawake kumi na mmoja hakunipa. Nilipomuuliza baada ya siku tatu, akaniambia kwa upole uleule, "Anayemsema mwenzake kwangu, kesho atanisema mimi kwao."

Haya nilimwambia Madam Comfort mwaka jana, kuku akiwa amepoa sahanini. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka ishirini na zaidi, na bado maneno yalitoka yamepinda. Alinisikiliza huku akichokonoa mfupa. "Nilijua siku ileile," akasema. "Ulikuja kunichukua asubuhi ukawa unazungumza na viatu vyangu." Nikamuuliza mbona hakunifukuza. "Nilikasirika wiki mbili. Halafu nikachoka. Nilikuwa na vitu vingi vya kukasirikia, Zaina, wewe ulikuwa mdogo sana katika orodha." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilinyanyuka nikaenda msalani, nikafungua bomba, nikalia kwa raha ambayo sijui nitaielezaje, kama mtu aliyekuwa akitembea na jiwe ndani ya kiatu akakubali kwamba mguu wake ndivyo ulivyoumbwa, hadi siku jiwe lilipotoka.

Lakini mwaka ule hapakuwa na kicheko. Habari zilienea Xiaobei nzima kwa siku moja. Watu wa kwao walihama meza alipokaa. Ndani ya lifti walimpa mgongo. Kule Yide Lu wauzaji waliotegemea mizigo ya Alhaji walituona tunakuja wakatikisa mikono, mei you, mei you, hakuna, ilhali bidhaa zimejaa mpaka barabarani. Hata Bibi Chen alinivuta pembeni akaniuliza kama kweli huyu mwanamke ni mtu wa kodi, na nilipojaribu kumweleza kwamba ndiyo lakini si kodi ya China, alisikia neno kodi tu, akateremsha mlango wa bati nusu, saa sita mchana.

Ijumaa moja Madam akaniambia twende tukale tambi. Nikamsihi tusiende, baada ya sala mgahawa ungejaa watu wa Alhaji. "Ndiyo maana," akasema. Alibeba mfuko wa plastiki. Tulipoingia mazungumzo yalikatika, ikabaki sauti ya mpishi akigonga unga mezani. Alhaji alikuwa kwenye meza ya kati. Madam akasimama mbele yake, akamsalimu kwa lugha ya kwao, kisha akahamia Kiingereza ili wote waelewe.

"Alhaji, nasikia unanitafuta."

"Sikutafuti, Madam. Kila mtu anajua ulipo." Akavuta bakuli lake. "Wewe unakula mshahara wa serikali. Sisi tunakula vumbi. Umetufuata mpaka huku?"

"Mshahara gani? Wameusimamisha tangu mwezi wa pili." Akatia mkono mfukoni, akauweka mezani mkebe wa hesabu. "Huu, kitabu cha forodha kinasemaje?"

Aliyejibu ni mama mmoja wa meza ya pembeni, mwuzaji wa vifaa vya shule: "Dola mbili na nusu."

"Nawe umeununua kwa bei gani, mama?"

Yule mama akatazama huku na huku. "Senti thelathini," akasema. "Nikichukua nyingi, ishirini na tano." Watu wakaguna. Kila mmoja wao alikuwa akiijua hesabu yake mwenyewe, nadhani, ila hawajawahi kuisikia ikisemwa kwa sauti mbele ya watu.

Madam akatoa kufuli. Akatoa chupa ya chai. Kila kitu alichokiweka mezani, mtu alitaja bei ya kitabu, mwingine akataja bei ya kweli, na sauti zikawa zinapanda. Kisha akatoa redio. Hakuuliza. Aliiweka tu mbele ya Alhaji, na kwa kuwa kila mtu mle ndani alijua kwamba makontena ya Alhaji hubeba redio, mtu wa nyuma akaanza kucheka, wakafuata wengine.

"Hii, kitabu kinaipendelea," Madam akasema. "Nitaandika bei yake ya kweli pia. Ikiwa chini nitaandika chini, ikiwa juu nitaandika juu. Sikuja kuwaumiza wala kuwapendelea."

Alhaji akajifuta midomo, akanyanyuka. Pale mlangoni aligeuka, lakini aliyemtazama ni mimi. "Ushuru ukipanda," akasema, "usikanyage tena ofisini kwangu, wala usimwongoze mtu yeyote wa kwetu." Akaondoka na wenzake watano. Yule mama wa vifaa vya shule alibaki. Akasogea kwenye meza yetu na bakuli lake, akala nasi.

Usiku ule sikulala, na kulipopambazuka nilikuwa nimeshaamua. Madam alikuwa amebakiza karibu theluthi ya orodha yake ya bidhaa za kutafutiwa bei na hakuna muuzaji aliyekuwa tayari kumjibu. Lakini mimi nilikuwa Mtanzania, mnunuzi wa duka la Kariakoo, na Alhaji hana mizigo ya Dar es Salaam. Nikamwomba orodha. Aliniangalia kwa muda mrefu, akanipa bila kuuliza kwa nini. Kwa majuma matatu nilitoka kila asubuhi peke yangu, mvua za majira ya joto zikinipiga, nikiuliza bei ya ndoo, vibanio vya nywele, betri, vikombe vya bati. Alinifundisha jambo moja tu: nisiandike bei niliyoipenda. Nilikuwa nimezoea kuuliza bei ili niishushe. Sasa nilikuwa nauliza ili niijue, na ni kazi tofauti kabisa. Inataka subira. Inabidi unyamaze baada ya muuzaji kutaja, unyamaze tena, mpaka aseme ile anayomuuzia shemeji yake. Kwa Bibi Chen nilikunywa birika tatu za chai ndipo akanipa bei za duka lake zote, na aliponipa akaniambia niwe mwangalifu na rafiki zangu wa serikali. Bi. Salma alinitazama nikirudi nimelowa, akatikisa kichwa. "Unalipa deni la nini weye?" akaniuliza. Akaninyooshea kanga kavu.

Madam Comfort aliondoka mwezi wa saba. Vitu vyote tulivifungasha katika masanduku mawili, redio imeviringishwa ndani ya nguo zake. Nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege. Alinipa lile jiko la umeme, akanishika kichwa kama askofu, akaingia ndani. Kisha kimya. Viza niliihuisha kwa msaada wa Bi. Salma, nikapata kazi ya kuhesabu katoni ghalani kwa Mkongo mmoja, na kila nilipovuka barabara pale Xiaobei nilipita mbali na ofisi ya Alhaji. Hofu yangu haikuwa kufukuzwa peke yake. Nilianza kuogopa kwamba tumekosea: kwamba zile bei nilizoandika kwa mkono wangu zitawaangukia watu kama yule mama wa mkebe, kwa namna nisiyoielewa, kwa sababu serikali ni serikali. Miezi mitano nilibeba jambo hilo kila mahali. Chakula hakikuwa na ladha.

Kilichokuwa kikitokea kwao nimekijua mwaka jana tu. Alirudi akakuta dawati lake kweli limekwenda kaskazini. Akaomba nusu saa mbele ya waziri kabla ya yeye kulifuata. Akaingia na masanduku yake, akamwaga vitu vyote juu ya ile meza ndefu inayong'aa, akawaomba wakubwa waliokuwepo kila mmoja achague kitu na kutaja bei. Hakuna aliyepatia. Mkuu wake alisema kufuli ile ni dola nne. Mhudumu aliyekuwa amewaletea maji akasema kwa aibu kwamba hata dukani, kwa rejareja, anainunua chini ya moja. Waziri akauliza, "Nani aliandika kitabu hiki?" Walijadili kwa wiki nyingi baada ya hapo, walimpinga, walimwita mtu wa wafanyabiashara. Naye aliketi sebuleni kwa dada yake, akisubiri kuambiwa kama ana kazi. "Nilikuwa nakula ugali mchana na usiku," akaniambia. "Pilipili ilinishinda kununua. Fikiria."

Mwezi wa kumi na mbili, Guangzhou ilipoingia ile baridi yake isiyo na theluji ambayo hukutesa ndani ya nyumba kuliko nje, nilikuwa mgahawani nimekumbatia bakuli la mchuzi. Alhaji akaingia. Mkononi alikuwa na karatasi ya faksi, ile laini inayojikunja. Nikaanza kufunga sweta niondoke. "Kaa," akasema. Akasimama katikati ya mgahawa akaisoma kwa sauti, faksi kutoka kwa ndugu yake aliyeko bandarini kwao. Kitabu kipya kimetoka. Madaftari yameshuka. Mikebe imeshuka. Kufuli, ndoo, chupa za chai, vyote vimeshuka hadi karibu na bei ya kweli. Akageuza karatasi. Redio zimepanda. Akaikunja, akaitia mfukoni, na kwa muda hakuna aliyejua atafanya nini.

"Redio zangu zimepanda," akasema tena, taratibu, kama anayejaribu ladha ya maneno. Kisha mashavu yake yakaanza kutikisika. "Nina kontena moja la redio. Nina manne ya vitu vingine." Akavuta kiti akaketi mbele yangu kwa uzito, akaagiza tambi, na alipomaliza kuagiza ya kwake akanyoosha kidole kwenye bakuli langu akasema waniongezee nyama. Yule mama wa vifaa vya shule alikuwa ameketi karibu na mlango. Hakushangilia. Alikuwa akihesabu kwa vidole, midomo ikicheza, akifika mwisho anaanza tena, na kila alipoanza tena alikuwa akitabasamu zaidi.

Siku mbili baadaye mapokezi waliniita chini kwenye simu. Mlio ulikuwa unakwenda na kurudi, sauti yangu mwenyewe ikinijia sikioni. "Wamelirudisha dawati," akasema Madam Comfort. "Wamenipa na ofisi. Haina dirisha, lakini nina mlango, na nimeufunga sasa hivi kwa ajili ya kukupigia." Nikamuuliza kama amefurahi. "Nimelala," akasema. "Jana nimelala saa kumi na mbili mfululizo. Nawe nenda ukalale." Nilipanda ghorofa zote sita kwa miguu, nikaingia kitandani na soksi zangu, na Bi. Salma ananiambia nilikoroma mpaka akahamisha mto upande wa miguuni.

Mwaka Mpya wa Kichina ulipopita, Bi. Salma akarudi Unguja na mapazia yake, nikabaki peke yangu chumbani. Asubuhi moja mlango uligongwa. Nilifungua nikakuta wanawake watatu wamesimama koridoni, sweta zao mpya bado zina lebo, masanduku yao matupu yamefungwa kwa kamba. Mkubwa wao akaniuliza kama ndimi Zaina. Nikasema ndimi.

"Ni safari yetu ya kwanza," akasema. "Zamani tulikuwa tunanunua kwa wenye makontena, kwa bei yao. Kuja wenyewe ilikuwa haiwezekani, ushuru ulikuwa unameza kila kitu. Alhaji ametuambia tukuulize wewe."

Nikawaambia waingie wakae kitandani, maana kiti kilikuwa kimoja. Nikamimina chai. "Mnataka kuanza na nini?" nikawauliza.

"Madaftari," wakasema wawili kwa pamoja. Yule wa tatu alikuwa ameshasinzia, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, kama mtu aliyefika.